Kilichokuwa Nguoni

Katika Mji wa Kale wa Mombasa zimo nyumba zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa, kuta zake zikakaribia unene wa nusu mita, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Upana wa chumba katika nyumba hizo haukuamuliwa na tamaa ya mwenye nyumba wala uzito wa mkoba wake, bali uliamuliwa na urefu wa boriti. Na kwa kuwa boriti ya mkoko haimudu kuvuka nafasi inayozidi mita tatu hivi, vyumba vilitoka vyembamba na virefu, ukuta ukafuata ukuta. Nyumba za aina hiyo huwa na ubaridi wa kupendeza katika joto la Februari, na aliyemo chumba cha nyuma hasikii ugomvi wa chumba cha mbele. Ni katika nyumba moja kama hiyo, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wakikutana mmoja hana budi kupita ubavu, ndimo kilimotokea kisa hiki cha intaneti iliyokwenda kwa mwendo wa kobe, na cha jirani aliyetuhumiwa kuila.

Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu ambaye alifundisha Kiswahili katika shule za msingi kwa zaidi ya miaka 30, na ambaye mtaani hadi leo haitwi kwa jina lake bali kwa kazi yake: Mwalimu. Bintiye alikuwa mwanafunzi wa uzamili wa Kiswahili katika chuo kikuu kimoja jijini Nairobi. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, binti alifunga virago akarejea Mombasa akiwa na tasnifu iliyokwisha kuandikwa ila haijatetewa. Mada yake ilikuwa msamiati wa ujenzi wa nyumba za mawe katika Kimvita. Kazi iliyomfanya ajue jina la kila kipande cha nyumba aliyozaliwa, kuanzia baraza hadi boriti. Msimamizi wake alimpasha kwamba utetezi ungefanywa kwa njia ya Zoom, Jumanne ya Juni 2, saa nne asubuhi. Kisha, Mei 6, serikali ikatangaza kuufunga Mji wa Kale, sambamba na Eastleigh kule Nairobi, mtu asiingie wala asitoke. Amri iliyoanza kwa siku 15 iliongezwa hadi Juni 6. Ikawa basi utetezi ungefanyika humo humo nyumbani, au usifanyike.

Mchana wa Alhamisi, Mei 28, siku nne baada ya Idi, binti na msimamizi wake walijaribu kufanya mazoezi. Sura ya msimamizi iliganda kinywa kikiwa wazi. Sauti ikawa inakuja vipande vipande, silabi ya mwanzo na silabi ya mwisho, katikati hamna kitu. Baada ya dakika 11 msimamizi alimwandikia ujumbe mfupi: kama hali ni hiyo, afadhali aombe utetezi uahirishwe. Kuahirishwa, kwa mwanafunzi aliyekwisha kulipa karo ya muhula kwa mkopo wa mjomba, si neno jepesi. Maana yake ni muhula mwingine, na karo nyingine.

Kuna jambo la kuchekesha, kama si la kuliza, katika intaneti kuwa dhaifu Mombasa. Nyaya zilizopita chini ya bahari kuiunganisha Afrika Mashariki na ulimwengu zilitua katika mji huo huo: SEACOM na TEAMS mwaka 2009, EASSy mwaka 2010. Kabla ya hapo mawasiliano ya kimataifa yalitegemea setilaiti zilizoning'inia angani kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, na kila swali liliulizwa kwa kupanda huko na kushuka. Waya wa TEAMS unatoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hivyo neno linaloondoka Ghuba huufikia mwambao wa Mombasa kabla ya mtu kupepesa jicho. Neno hilo hilo lilishindwa kupanda ngazi za nyumba ya Mwalimu.

Mwalimu hakuhitaji uchunguzi. Kwake yeye mwizi alikuwa anajulikana. Katika nyumba ya mkabala aliishi kijana wa miaka 22, fundi wa rununu na mwanafunzi wa chuo cha ufundi, ambaye Mwalimu mwenyewe alikuwa amemfundisha darasa la sita. Mapema Aprili, masomo ya chuo chake yalipohamia mtandaoni, mamake alikuja kuomba, na Mwalimu akatoa nywila kwa moyo mkunjufu. Haikupita wiki mbili intaneti ikaanza kuzorota. Mwalimu alihesabu siku kwa vidole, akaunganisha hili na lile, akatoa hukumu. "Kikulacho ki nguoni mwako," alimwambia mkewe. Siku ya tatu ya Ramadhani alibadilisha nywila, na kijana hakuambiwa neno.

Yafaa isemwe kwamba tuhuma hiyo haikuwa ya kipumbavu. Kijana alikuwa mgeni pekee katika mtandao huo kwa kadiri Mwalimu alivyojua, na alikuwa fundi. Watu wengi wasomi hufikiri vivyo hivyo: jambo likifuata jambo, la kwanza huhesabiwa kuwa sababu ya la pili. Lakini nywila ilibadilishwa na kasi haikurudi. Hapo ndipo tuhuma njema ingepaswa kufa, na hapo ndipo ya Mwalimu ilipozidi nguvu. Alisema kijana amerudi kwa ufundi wake, kwa njia wasiyoijua wao. Ushahidi wa kutokuwa na hatia ukageuzwa kuwa ushahidi wa ujanja. Katika Ramadhani ile sahani hazikuvuka kichochoro. Ile ya mamake kijana, iliyokuja na mahamri siku ya kuandama mwezi, ilibaki juu ya kabati la jikoni ikiwa imeoshwa na kufunikwa, kwa kuwa sahani ya jirani hairudishwi tupu na Mwalimu alikuwa amekataa ijazwe.

Binti alianza, kama waanzavyo wengi, kwa kupigia simu kampuni inayowauzia huduma. Alisubiri dakika 40 akisikiliza muziki. Mhudumu aliyemjibu alikuwa na adabu, na maneno yake yote ya kiufundi yalikuwa ya Kiingereza. Binti akawa anamfasiria babake huku mkono ukiwa umeziba simu, jambo lililompa Mwalimu nafasi ya kulalamikia hali ya lugha badala ya hali ya intaneti. Almuradi, mhudumu aliwaelekeza wazime ruta, wasubiri, waiwashe. Waliwasha. Akasema upande wao faiba inasoma vizuri, na kwamba fundi angetumwa pindi Mji wa Kale utakapofunguliwa. Yaani baada ya Juni 6.

Kabla ya kukata simu, mhudumu alitoa ushauri mmoja wa maana, ambao binti aliuandika pembezoni mwa nakala ya tasnifu: chomeka tarakilishi kwenye ruta kwa waya, kisha upime. Ushauri huu hudharauliwa kwa sababu unaonekana kurudi nyuma, kama kumwambia mwenye gari ashuke atembee. Kwa hakika ndio unaokata shauri. Kasi ya intaneti nyumbani ni jumla ya safari mbili tofauti: ile ya kutoka ulimwenguni hadi kwenye ruta, na ile ya kutoka kwenye ruta hadi kwenye kifaa kupitia hewani. Mtu anayepima akiwa kitandani huzipima zote mbili kwa pamoja, na likitokea jibu baya hajui amlaumu nani. Waya huiondoa safari ya pili. Ikiwa kwa waya kasi ni kamili, kampuni haina kosa na ubaya umo hewani, ndani ya nyumba. Ikiwa hata kwa waya kasi ni duni, basi kuta hazina la kujibu.

Waya wenyewe hawakuwa nao. Ule uliokuja na ruta ulikuwa umetumika kufungia mlango wa banda la kuku. Maduka yalikuwa yamefungwa, na mtaani mtu mmoja tu alijulikana kuwa na vitu kama hivyo.

Binti alivaa barakoa akavuka kichochoro saa kumi na moja jioni, babake akiwa juu anatawadha. Kijana alikuwa ameketi barazani akiifungua rununu ya mtu kwa bisibisi ndogo. Walisalimiana. Salamu zilikuwa kamili, za kuulizana afya na wazee, na baada yake hapakuwa na neno.

"Nahitaji waya wa intaneti, ndugu yangu," alisema binti hatimaye. "Nina utetezi Jumanne."

Kijana aliingia ndani akatoka na waya wa buluu uliokunjwa vizuri, urefu wake kama mita 15. Hakumpa papo hapo.

"Dada, chukua ukautumie," alisema. "Lakini ujue mimi simo kwenye mtandao wenu. Simo tangu siku ile."

Alfajiri ya Ijumaa binti alichomeka waya huo sebuleni. Mwalimu hulipia megabiti 10 kwa sekunde. Kipimo kilionyesha 9.6. (Watu wengi huona kitabu cha megabaiti 10 kikichukua sekunde nane kupakuliwa na hudhani wamepunjwa, biti nane hufanya baiti moja, na kampuni huuza kwa biti.) Kisha alichomoa waya, akapanda hadi chumbani kwake ghorofa ya pili, akapima tena kwa waifai: 0.7. Kampuni ilikuwa imetoka katika orodha ya washukiwa. Na kwa kuwa saa hiyo hakuna aliyekuwa akitumia mtandao ila yeye, jirani naye alikuwa ametoka kwa kiasi kikubwa, ingawa babake alipoambiwa alijibu kuwa wezi hulala alfajiri.

Alishuka akaitazama ruta, na hapo ndipo elimu yake ilipomcheka. Ruta ilikuwa imewekwa ndani ya kidaka. Ukurasa wa 64 wa tasnifu yake ulieleza kidaka kuwa ni uwazi mdogo usiotokeza upande wa pili, unaochongwa katika unene wa ukuta kwa ajili ya kuwekea vyombo na mapambo, na kwamba ndimi za kaskazini husema zidaka kwa wingi ilhali Kimvita husema vidaka. Alikuwa amekusanya majina, asili na methali zake. Haikumpitikia kwamba kitu kilichowekwa kidakani kimezungukwa na mawe pande tano, na kwamba upande wa sita, wa mbele, mamake alikuwa ameusimamishia sinia la shaba la kurithi ili taa za ruta zisiharibu sura ya sebule.

Mawimbi ya redio hayana uadui na ukuta, ila kila ukuta huchukua ushuru. Ubao hutoza kidogo. Matumbawe mazito, yaliyonyonya unyevu wa bahari, hutoza sana, kwa kuwa maji hulimeza wimbi. Metali hailimezi bali hulirudisha lilikotoka, na ndiyo sababu kioo cha kujitazamia chenye mgongo wa metali, tangi la maji na sinia la shaba ni jamaa wabaya wa ruta. Kiswahili, kwa bahati, kina neno moja la kueleza sehemu kubwa ya tatizo hili. Masafa ni umbali, na masafa ni wingi wa mitetemo ya wimbi kwa sekunde. Ruta nyingi za siku hizi hutangaza kwa masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Hayo ya pili hubeba habari nyingi zaidi kwa wakati mmoja lakini huchoka upesi mbele ya kuta, kiasi kwamba mtu anaweza kusema bila kutania kuwa masafa yakizidi masafa hupungua. Katika nyumba ya vyumba vyembamba vya upana wa boriti, ambamo hatua kumi ni kuta tatu, gigahezi 5 ni anasa ya chumba kimoja.

Sinia lilihamishwa, si bila maneno. Ruta ilitolewa kidakani ikapandishwa juu ya kabati refu karibu na uwazi wa ngazi, mahali ambapo mawimbi yangeweza kupanda kama wapandavyo watu, badala ya kulazimika kupenya dari. Binti akaichagulia gigahezi 2.4. Chumbani kipimo kikapanda kutoka 0.7 hadi 6.1. Kwa mara ya kwanza tangu arudi nyumbani aliiona video ikicheza bila kusita, akampigia msimamizi kumwambia wasiahirishe.

Saa tano ya mchana huo huo kila kitu kiliganda tena.

Safari hii alichomeka waya bila kusubiri. Sebuleni, kwa waya, mahali ambapo alfajiri palikuwa na 9.6, pakawa na 1.2. Kuta, basi, hazikuwamo katika kesi hii. Walikuwa na magonjwa mawili, na dawa ya la kwanza ilikuwa imelifichua la pili. Ni hali ya kawaida sana katika mambo haya, na ndiyo inayowakatisha watu tamaa: hurekebisha jambo la kweli, wakaona hali haijatengemaa, wakadhani walichokirekebisha hakikuwa na kosa, wakakirudisha kilivyokuwa. Mamake, kwa mfano, alikuwa amekwisha kulishika sinia.

"Mwizi ameamka," alisema Mwalimu.

Binti aliwaza kwanza juu ya majirani kwa namna nyingine. Mwaka 1971, katika Chuo Kikuu cha Hawaii, Norman Abramson na wenzake waliziunganisha tarakilishi za visiwani kwa redio kupitia mtandao ulioitwa ALOHA, kila kituo kikisema kinapotaka. Vikisema viwili kwa pamoja, maneno yalivurugana na kila kimoja kikangoja kidogo kabla ya kurudia. Waifai ni mjukuu wa mtandao ule mwenye adabu zaidi: husikiliza kwanza kama kuna anayezungumza, ndipo huzungumza. Ni desturi ya barazani. Lakini katika gigahezi 2.4 kuna mikondo mitatu tu isiyoingiliana, wa 1, wa 6 na wa 11, na katika mtaa ambao nyumba zinagusana mabega, ruta 20 huweza kuwa zinangojeana zamu katika mkondo mmoja. Aliangalia, akakuta karibu wote wamo katika wa 6, akaihamisha yao hadi wa 11. Kulikuwa na nafuu kidogo kwa waifai. Kwa waya hakukuwa na tofauti yoyote, na wala isingekuwapo, maana waya hauketi barazani.

Iliyobaki ilikuwa orodha. Kila ruta huweka daftari la vifaa vilivyounganishwa nayo, na mwenye nyumba anaweza kulifungua kwa tarakilishi akalisoma. Lilikuwa na majina matano. Manne aliyajua: kipakatalishi chake, rununu yake, rununu ya mamake, runinga. La tano lilikuwa msururu wa herufi na tarakimu usiosomeka, na daftari lilionyesha kuwa kifaa hicho kilikuwa kikipakia vitu mtandaoni bila kupumzika tangu saa mbili asubuhi.

Mwalimu alivaa miwani, akausoma msururu ule herufi kwa herufi. Hakusema neno. Alimtazama mkewe kwa namna ambayo mkewe aliielewa, na binti akahisi moyo wake ukishuka, kwa kuwa kijana alikuwa amemtazama machoni akimkabidhi waya, na naye alikuwa amemwamini.

"Kifungie," alisema Mwalimu, akashuka kwenda uani kuzungumza na mwanawe aliyeko Muscat.

Binti alibonyeza kitufe cha kukizuia kifaa. Kabla hajaondoa mkono, sauti ilipanda kutoka uani. "Halo! Halo! Umekatika! Halo!"

Alikifungulia. Uani mazungumzo yakaendelea, Mwalimu akimweleza mwanawe jinsi intaneti ya Kenya ilivyo. Alikizuia tena. "Halo!" Mara ya tatu mamake alikuwa ameketi chini akicheka machozi.

Rununu hiyo ilikuwa imeletwa na msafiri kutoka Muscat mapema Machi, kabla ya ndege kuzuiwa, zawadi ya mwana kwa babake. Na mwana, kwa upendo, alikuwa ameitengeneza ihifadhi kila picha na kila video mtandaoni, mradi imeunganishwa na waifai, ili mzee asipoteze kitu. Machi misikiti ikafungwa. Mawaidha yakahamia runununi, kila hotuba ikaja kama video, na kila ndugu akaituma kwa kila ndugu. Ramadhani ikaongeza, Idi ikazidisha. Mwalimu, ambaye huizima rununu alalapo na kuiwasha baada ya staftahi, alikuwa akiibeba mchana kutwa katika mfuko wa kanzu, nayo ikipakia kimya kimya hotuba ile ile mara saba. Njia ya kupakia aghalabu hupewa upana mdogo kuliko ya kupakua. Ikijaa, hata vinavyopakuliwa hukwama, kwa kuwa kila kifurushi kinachopokewa hutakiwa kirudishiwe jibu kuwa kimefika, na majibu hayo husimama katika foleni ile ile nyuma ya mawaidha. Ndiyo maana kuzorota kulianza Aprili. Kijana na video waliingia katika nyumba hiyo mwezi mmoja.

Binti alimweleza babake taratibu, akimwonyesha rununu, mahali pa kuzima hifadhi hiyo wakati wa mchana na kuiruhusu usiku. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho kama asikilizavyo mtu anayesomewa barua ya msiba. Kisha aliitoa rununu mfukoni, akaiweka juu ya meza, akaiangalia kwa muda mrefu. Hakuna aliyethubutu kuitaja ile methali.

Kuhusu utetezi hakuna mengi ya kueleza. Jumanne, Juni 2, rununu zote za nyumba zilizimwa, runinga ikachomolewa, na binti akaketi sebuleni mbele ya kidaka kitupu, waya wa buluu ukitoka kabatini hadi kwenye kipakatalishi. Mmoja wa watahini alimtaka apunguze sura ya pili na kurekebisha itikadi za unukuzi. Mwingine alimuuliza kwa nini hakueleza matumizi ya sasa ya vidaka. Swali hilo alilijibu kwa dakika sita. Alipita kwa sharti la masahihisho.

Jumamosi ya Juni 6 ilitangazwa kuwa Mji wa Kale umefunguliwa. Kesho yake, baada ya alasiri, mkewe Mwalimu aliishusha ile sahani kutoka juu ya kabati, akaijaza vitumbua, akaifunika kwa kawa. Binti alinyoosha mkono aichukue pamoja na waya. Mwalimu alimwambia aache.

Alivuka kichochoro akiwa na sahani mkono mmoja na waya mkono mwingine. Kijana alisimama alipomwona.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea waya wako."

"Ungempa dada tu, Mwalimu. Usingejisumbua."

"Nimeona nije mwenyewe." Aliweka sahani juu ya baraza. Aliipapasa kanzu, akaitoa rununu. "Mwizi tumempata. Ni hii."

Kijana aliitazama rununu, akamtazama mzee. Watu wa kichochoroni, ambao kwa mwezi mzima walikuwa na lao la kusema, walipunguza mwendo. Labda Mwalimu alitazamia kicheko. Kisa chenyewe kilikuwa kimekwisha kuchekesha nyumba nzima. Kijana hakucheka.

"Siku ile uliyobadilisha nywila," alisema kwa sauti ya chini, "nilikuwa katikati ya mtihani, Mwalimu. Saa moja ilikuwa imebaki."

Mwalimu alinyamaza.

"Ukafanyaje?"

"Nilikopa bando. Ikaisha kabla sijatuma swali la mwisho."

"Wamekupa ngapi?"

"Bado hayajatoka."

Mwalimu aliketi barazani, mahali ambapo hakuwa ameketi tangu Aprili, akauweka ule waya juu ya magoti yake. Alimuuliza ulikuwa mtihani wa somo gani, na jina la mkuu wa idara, na kama mkuu huyo ni mtu wa kuandikiwa barua au ni mtu wa kuendewa. Kijana alianza kumweleza. Kutoka dirisha la juu binti aliwaona wakizungumza, sahani ikiwa kati yao bado imefunikwa kawa.